Daraja la Biashara la Ndege Kati ya Mbeya na Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya abiria wa Nyanda za Juu Kusini wanaotumia Kiwanja cha Ndege cha Songwe, kinachohudumia jiji la Mbeya, hasa wale ambao mara nyingi hulipa nauli kubwa ya daraja la biashara, yaani viti vya mbele vya gharama ya juu, bila kuelezwa inalipia nini, au huikwepa hata pale ambapo ingewafaa.

Je, katika safari fupi ya ndani kama hii kuna daraja la biashara?

Lipo, lakini si katika kila ndege. Air Tanzania huuza madaraja mawili, la kawaida na la biashara, katika ndege zake za Airbus A220-300, Boeing 737 MAX 9 na Dash 8 Q400. Precision Air, ambayo hutumia ndege za ATR, ina daraja moja tu, na abiria wake wote hukaa viti vya aina moja. Fastjet, ilipokuwa ikitua Songwe, nayo ilikuwa hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuuliza bei ni vyema ukauliza kwanza ndege ya aina gani imepangwa siku ya safari yako. Aina ya ndege huandikwa kwenye mfumo wa kukatia tiketi, na wakala yeyote anaweza kukusomea.

Tofauti ya kiti ni kubwa kiasi gani?

Inategemea ndege. Airbus A220-300 ya Air Tanzania ina viti 132, na kati ya hivyo 12 ni vya daraja la biashara, vikiwa viwili viwili kila upande wa njia ya katikati. Nyuma yake, daraja la kawaida lina viti viwili upande mmoja na vitatu upande mwingine, kwa hiyo anayekaa upande wa viti viwili hana jirani wa kumbana katikati hata kama amelipa nauli ya chini. Boeing 737 MAX 9 ina viti 181, ambavyo 16 kati yake ni vya biashara, na humo tofauti huonekana wazi zaidi kwa sababu daraja la kawaida limepangwa vitatu vitatu pande zote mbili.

Katika Q400, yenye viti 76 ambavyo 6 ni vya biashara, mambo ni tofauti. Ndege hii ni ya mapanga (propela), kichumba chake ni chembamba, na viti vya mbele haviko mbali na mapanga hayo. Anayelipia daraja la biashara humo akitarajia ukimya hataupata. Atapata nafasi zaidi ya miguu na jirani wachache, na atashuka mapema.

Kuhusu kushuka mapema, jambo moja huwachanganya wengi wanaohama kutoka shirika moja kwenda jingine. Katika ATR abiria hupanda na kushuka kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa sehemu ya mbele hupakiwa mizigo. Anayejitahidi kupata kiti cha mbele humo akidhani atatangulia kutoka, ndiye atakayekuwa wa mwisho.

Dirisha, kwa upande wake, halina daraja. Ukitoka Dar es Salaam asubuhi yenye anga safi, chagua upande wa kushoto, kwa sababu ndege inapokaribia Mbeya safu ya Kipengere na Mlima Rungwe huwa upande huo. Ninaona ni haki kulisema hili kwa sababu wapo watu wanaolipa zaidi wakidhani mandhari nayo imo kwenye nauli.

Safari huchukua muda gani hewani?

Kwa mstari ulionyooka ni takriban kilomita 690. Ndege ya jeti huzimaliza kwa saa moja na robo hivi, Q400 kwa saa moja na nusu au zaidi kidogo, na ATR, ambayo ni ya polepole kuliko zote hizi, hukaribia saa mbili. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 800 kupitia Morogoro, Mikumi, mlima Kitonga, Mafinga na Makambako, na basi hutumia siku nzima.

Muda huu mfupi ndio unaofanya hesabu ya daraja la biashara kwenye njia hii iwe tofauti na ile ya safari ya Mumbai au Guangzhou. Katika safari ya usiku kucha mtu hununua usingizi. Hapa, ukiondoa dakika za kupaa na za kutua ambapo mkanda umefungwa na kiti kimesimamishwa wima, kinachobaki cha kufurahia kiti kipana ni chini ya saa moja. Thamani ya daraja hili kwenye njia ya Songwe iko zaidi ardhini kuliko angani: kwenye kaunta, kwenye mizani na kwenye masharti ya tiketi.

Kwa hiyo tofauti ya nauli inalipia nini hasa?

Kwa kawaida inalipia mambo manne, nami nitayataja kwa uzito wake ninavyouona. La kwanza ni uhuru wa kubadili tarehe au kurejeshewa fedha. La pili ni kilo nyingi zaidi za mizigo. La tatu ni kuhudumiwa mapema kaunta na wakati wa kupanda. La mwisho ni kiti chenyewe pamoja na kinywaji na chakula.

Hilo la kwanza linahitaji maelezo marefu, kwa sababu ndilo lenye fedha nyingi ndani yake na ndilo lisiloelezwa. Kila tiketi ina herufi inayoonyesha aina ya nauli. Herufi kama J, C na D hutumika kwa daraja la biashara, na Y kwa nauli kamili ya daraja la kawaida, huku herufi nyingine nyingi zikiwa za nauli zilizopunguzwa. Watu wawili waliokaa bega kwa bega wanaweza kuwa na masharti tofauti kabisa: mmoja akikosa ndege anahamishiwa ya kesho bila kulipa chochote, mwingine anatozwa faini pamoja na tofauti ya nauli, na pengine anapoteza tiketi nzima. Nauli ya biashara iliyopunguzwa inaweza kuwa na masharti makali, na nauli kamili ya daraja la kawaida inaweza kuwa na uhuru unaokaribia ule wa biashara kwa bei nafuu zaidi.

Ndiyo maana ninawasihi abiria wasiulize tu, "Biashara ni shilingi ngapi?" Uliza bei tatu: ya kawaida ya chini kabisa, ya kawaida inayoruhusu mabadiliko, na ya biashara. Kisha chukua ile ya chini, ujumlishe gharama ya kilo za ziada utakazobeba na faini ya kubadili tarehe ikiwa kuna uwezekano wa kubadili. Mara nyingine jumla hiyo huikaribia nauli ya biashara, na hapo kulipia biashara ni uamuzi wa mtu makini. Mara nyingi zaidi bei ya katikati ndiyo inayomfaa mfanyabiashara wa Mwanjelwa au mtumishi anayekwenda kwenye kikao cha siku moja.

Kwa tiketi ya kwenda na kurudi, kumbuka pia kwamba mashirika mengi hufuta kipande cha kurudi ikiwa abiria hakutokea kwenye kipande cha kwenda. Kama umeamua kwenda kwa gari la rafiki na kurudi kwa ndege, lijulishe shirika kabla ndege ya kwenda haijaondoka.

Nabeba mchele, ndizi na parachichi. Daraja la biashara litanisaidia?

Linaweza kukusaidia kuliko kitu kingine chochote, ila soma tiketi yako vizuri. Kuna tiketi zinazohesabu kilo kwa jumla, na hizo huandikwa kilo zenyewe. Kuna zinazohesabu vipande, na hizo huandikwa PC. Katika mfumo wa vipande, kipande cha daraja la kawaida huwa na kikomo cha kilo 23 na cha biashara huwa kilo 32. Kilo 32 ndizo kikomo kinachokubalika sehemu nyingi kwa kipande kimoja, kwa sababu kinanyanyuliwa na binadamu.

Sasa tazama kinachotokea kwenye mizani. Mtu amekuja na kiroba cha mchele wa Kyela cha kilo 25, kimeshonwa vizuri tangu dukani, na boksi la parachichi za Rungwe lenye kilo 12. Kwa tiketi ya kipande kimoja cha kilo 23, kiroba peke yake kimezidi kwa kilo 2, na boksi ni kipande cha pili kinacholipiwa chote. Inabidi kiroba kifunguliwe mbele ya foleni, mchele uchotwe kwenye mfuko wa plastiki, na mtu mzima akose utulivu kwa kilo 2. Angekuwa na tiketi ya jumla ya kilo, au angegawanya mchele nyumbani katika mifuko miwili midogo, asingepata usumbufu huo. Pimeni mizigo nyumbani. Mizani ya kuning'iniza inauzwa kwa bei ndogo.

Parachichi zibebwe zikiwa bado ngumu, kwenye boksi lenye matundu. Ndizi za Tukuyu zikatwe vichane badala ya kubebwa mkungu mzima. Samaki na dagaa wa Ziwa Nyasa wafungwe kwenye chombo kisichovuja wala kutoa harufu, na hapo daraja halisaidii: mzigo unaovuja hukataliwa kwa abiria yeyote. Betri za kuchajia simu zibaki kwenye mzigo wa mkononi. Zile zisizozidi wati-saa 100 hazina shida, na betri ya mAh 20,000 ina takriban wati-saa 74.

Jambo jingine linalogusa mizigo ni uzito wa ndege yenyewe. Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 3,330, ambao ni mrefu na salama kwa jeti. Hata hivyo hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, na mchana wa joto huipunguzia ndege uwezo wa kunyanyua, hivyo ikijaa, baadhi ya mizigo inaweza kuachwa isafiri na ndege inayofuata. Mizigo ya daraja la biashara hufungwa lebo ya kipaumbele, na kwa kawaida hiyo si ya kwanza kuachwa.

Tutapewa chakula gani?

Kitu chepesi na kinywaji. Usilipie daraja la biashara kwa ajili yake.

Na ukumbi wa kupumzikia je?

Uliza wakati wa kukata tiketi kama nauli yako inakupa ukumbi, na katika kiwanja kipi, kwa sababu huenda ukawa upande wa Dar es Salaam tu au usiwepo kabisa kwa safari za ndani. Ukumbi wa viongozi wa serikali ni jambo jingine na haufunguliwi kwa tiketi ya biashara. Kwa abiria anayetokea Songwe, mimi nisingeuweka ukumbi katika hesabu.

Nampeleka mzazi mgonjwa Muhimbili. Nimkatie daraja la biashara?

Swali hili huulizwa na watoto wengi wanaotoka Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya wakiwa na barua ya rufaa mkononi, nao wanastahili jibu la kweli kuliko jibu la kuuza tiketi.

Daraja la biashara litampa mzee kiti kipana, mahali pa kunyoosha mguu unaouma, na mhudumu aliye karibu. Hayo ni ya maana sana kwa mtu aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga au mwenye mguu uliofungwa plasta. Lakini tatizo kubwa la mgonjwa kwenye njia hii si kiti, ni ngazi. Songwe abiria hutembea kwa miguu hadi kwenye ndege na kupanda kwa ngazi, na tiketi ya gharama kubwa haiziondoi. Kinachosaidia ni kuomba huduma ya kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, ikiwezekana saa 48 kabla, na kueleza hali yake kwa usahihi. Mashirika hutumia vifupisho vitatu: WCHR kwa anayeweza kupanda ngazi lakini hawezi kutembea mbali, WCHS kwa asiyeweza kupanda ngazi, na WCHC kwa asiyeweza kujisogeza hata ndani ya ndege. Ukisema tu "mzee hawezi kutembea vizuri" utaandikiwa cha kwanza, na siku ya safari hakutakuwa na watu wa kumbeba. Huduma hii hutolewa kwa madaraja yote.

Kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni, aliyetoka upasuaji siku chache zilizopita, au mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, shirika litataka fomu ya afya iliyojazwa na daktari. Msiichukulie kuwa usumbufu. Hewa ndani ya ndege iliyo juu huwa na mgandamizo mdogo kuliko ule wa mjini Mbeya, na daktari ndiye wa kusema kama mgonjwa ataustahimili. Mzee akaribishwe kukaa karibu na mtu anayemfahamu. Kumweka mama mbele kwenye biashara na mwanawe nyuma ili kuokoa fedha ni kosa, kwa sababu atakayejua dawa zake na mazoea yake hatakuwa karibu. Ni heri wote wawili wakae daraja la kawaida, viti vya mbele vya sehemu hiyo.

Ukungu ukizuia ndege kutua, daraja la biashara linanilinda?

Halikulindi na ukungu, ila linaweza kukupunguzia adha inayofuata. Katika miaka ya mwanzo baada ya Songwe kufunguliwa mwaka 2012, kiwanja hakikuwa na taa za njia ya kurukia, na ndege iliyochelewa hadi jioni haikuweza kutua. Hata taa zikiwepo, wingu la chini wakati wa masika bado linaweza kumfanya rubani arudi Dar es Salaam au aende kiwanja mbadala. Kila mtu ndani ya ndege hiyo, wa mbele na wa nyuma, atakuwa mahali pamoja.

Tofauti huanza ndege inayofuata inapogawiwa viti. Abiria wa biashara wako wachache, hivyo hushughulikiwa mapema; lakini viti vyao pia ni vichache, na kama ndege ya kesho imejaa mbele wataombwa kukaa nyuma. Mwenye kikao kisichoahirishika, mtihani, kesi mahakamani au ndege ya kwenda nje ya nchi, asijitetee kwa daraja. Asafiri siku moja kabla. Kulala usiku mmoja Dar es Salaam mara nyingi ni nafuu kuliko tofauti ya nauli, na ndiyo bima ya kweli.

Nimelipia biashara, kisha wamebadilisha ndege na haina daraja hilo. Nifanye nini?

Mabadiliko ya ndege hutokea kwa sababu za kweli. Mwaka 2022, kwa mfano, matatizo ya injini za Pratt & Whitney aina ya PW1500G yalizifanya baadhi ya Airbus A220 za Air Tanzania zikae chini, na tatizo hilo liliyakumba pia mashirika ya nchi nyingine. Sababu kuwa ya kweli hakuondoi deni. Ukishushwa daraja, dai tofauti ya nauli, na uiombe kwa maandishi palepale kaunta: mfanyakazi aandike kwenye rekodi ya tiketi kwamba umesafiri daraja la kawaida kwa mabadiliko ya shirika. Tunza pasi ya kupandia ndege yenye namba ya kiti chako kipya, kwa kuwa ndiyo ushahidi. Abiria wengi huitupa Mbalizi wakiwa kwenye teksi, na baadaye hawana cha kuonyesha.

Naweza kulipia biashara nikiwa tayari kaunta?

Kama viti vimebaki, mara nyingi inawezekana. Uliza jambo moja kabla hujatoa fedha: je, kilo zangu na masharti ya tiketi yanabadilika, au ni kiti tu? Kama ni kiti tu, umeona hapo juu maoni yangu kuhusu saa moja ya kiti.

Nitaunganisha safari ya kimataifa Dar es Salaam. Kuna faida?

Ipo, iwapo safari zote mbili ziko kwenye tiketi moja. Hapo kilo za safari ndefu ndizo hutumika tangu Songwe, na shirika huwajibika ukikosa ndege ya pili. Kama umenunua tiketi mbili tofauti, kipande cha ndani kina masharti yake peke yake, na mzigo wa vipande viwili vya kilo 23 unaweza kulipiwa ziada Mbeya ingawa Dar es Salaam haudaiwi kitu. Hapa ndipo daraja la biashara kwa kipande cha ndani huwa na faida ya wazi, kwa sababu ya kilo. Angalia pia jengo: Jengo la Tatu la abiria katika Kiwanja cha Julius Nyerere, lililoanza kutumika mwaka 2019, ndilo la safari za kimataifa, na kama ndege yako ya ndani imetua jengo jingine, weka muda wa kuhama na mizigo yako.

Na abiria wa Iringa, Njombe na Songea?

Kanuni ni ile ile ya kuangalia aina ya ndege. Kiwanja cha Nduli kilichopo Iringa na kile cha Songea kwa kawaida hutumiwa na ndege za mapanga, kwa hiyo daraja la biashara likiwepo litakuwa lile la viti 6 vya Q400. Ndege ndogo za Caravan hazina madaraja, na kilo za mizigo humo ni chache sana. Mtu wa Makambako au Njombe anayeamua kati ya Nduli na Songwe apime kwanza barabara na siku za ndege. Msongamano wa malori ya Tunduma kati ya Uyole na Mbalizi umewakosesha wengi ndege zao, na upanuzi wa barabara hiyo kuwa njia nne nao una siku zake za foleni. Kaunta ikishafungwa, imefungwa kwa madaraja yote.

Mwajiri wangu analipa. Nichukue biashara?

Fuata waraka wa mwajiri unaohusu cheo chako, na uombe tiketi inayoruhusu mabadiliko hata kama ni ya daraja la kawaida. Vikao huahirishwa kuliko tunavyopenda, na faini ya kubadili tarehe mara nyingi humwangukia msafiri mwenyewe.

Malalamiko yangu nayapeleka wapi?

Anza na shirika lenyewe, kwa barua au barua pepe, ukiweka namba ya tiketi yenye tarakimu 13, tarehe, namba ya safari na kile unachodai kwa shilingi. Usiporidhika, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayosimamia mashirika, na lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga ambalo kazi yake ni kuwasaidia abiria. Huna haja ya wakili wala ya kusafiri hadi Dar es Salaam. Andika kwa ufupi na kwa heshima, ambatanisha nakala badala ya nyaraka halisi, na utaje nauli uliyolipa pamoja na nauli ya daraja ulilosafiria, ili tofauti ionekane bila mtu kuitafuta.